Yowe la Bi. Tausi

1

Fomu ya malalamiko ya Ofisi ya Sauti ina visanduku tisa: mashine, magari, muziki, mifugo, na kuendelea hadi "kelele nyinginezo". Hakuna kisanduku cha mtu anayelalamika kwamba kelele yake yeye haikusikika. Ndiyo maana Jumatatu ile asubuhi nilikaa sebuleni kwa Bi. Tausi Kunambi, kibao changu cha kazi mapajani, kidole juujuu, sijui pa kubonyeza.

"Shikamoo, Bi. Mkubwa," nilikuwa nimemwamkia mlangoni.

"Marahaba. Kumbe wewe ndiye Bi. Desibeli? Nilidhani ni mtu mzima."

Miji yote miwili wananiita hivyo, Lugunga huku mlimani na Msolwe kule bondeni. Jina langu ni Semeni Mkude, mkaguzi wa sauti, mwaka wa sita kazini. Mwanzoni nilikuwa nagombana na kila aliyeniita Bi. Desibeli. Siku hizi nachagua wa kugombana naye, na Bi. Tausi hachaguliki.

Ofisini tulimjua sana. Malalamiko kumi na manne aliyoandika dhidi ya king'ora cha kiwanda cha Msolwe ndiyo yaliyozaa sheria ya Lugunga: sauti ya kazi inayotoka ng'ambo ya kijito isizidi desibeli arobaini na tano. Arobaini na tano ni friji jipya linalonguruma chumba cha pili. Kule Msolwe, ambako kiwanda kipo, sheria yao ni themanini na tano, na hata hiyo hawaijali sana. Katikati ya sheria hizo mbili kuna kijito ambacho mtoto anakiruka bila kulowa.

Sasa mwanamke huyo aliyenyamazisha king'ora alikuwa amelala kwenye kitanda walichokileta karibu na dirisha, nyonga imefungwa, miaka sabini na moja, macho makavu kwa hasira.

"Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri," alisema. "Nilikwenda bombani uani, nikateleza. Mfupa nikausikia ukilia. Nikajaribu kuinuka, wapi. Basi nikaweka kiganja mdomoni nikapiga yowe. Unajua yowe, mwanangu, au nyie wa siku hizi mnapiga simu tu?"

"Nalijua, Bi. Mkubwa."

"Nikapiga, uwiii, uwiii, uwiii, mpaka koo likakauka. Karibu saa mbili nimelala kwenye saruji. Aliyenikuta ni mwuza maziwa. Na muda wote ule," akanyoosha kidole ukutani, "jirani yangu Sikudhani alikuwa uani kwake anatwanga. Nilikuwa nasikia mchi wake! Hatua sita, ukuta katikati. Mimi namsikia yeye anatwanga mpunga, yeye hanisikii nakufa?"

Hapa kwetu, mlimani na bondeni, unaweza kumnyima mtu chumvi, unaweza kumsema mtu vibaya kisimani, na bado mkazikana. Lakini yowe ukilisikia unatoka. Uwe unaoga, uwe unanyonyesha, uwe umenuniana na aliyelipiga, unatoka.

"Alhamisi akina mama wa chama chetu wanakuja hapa kwangu," akaendelea, "kwa sababu mimi siwezi kwenda kwao. Wanamtoa. Asialikwe msibani, asialikwe kwenye uzazi, mtu asimwitikie salamu. Ila yeye anaapa hakusikia, na wawili watatu wameanza kumwamini. Ndiyo nimekuita. Hayo mabubu yenu, hizo nguzo za mitaani, yanasikia kila kitu na kuandika. Nipe maandishi kwamba nilipiga yowe."

"Nitaangalia, Bi. Mkubwa."

"Angalia." Halafu ghafla hasira ikamtoka, akabaki mwanamke mzee tu kitandani. "Miaka arobaini na miwili tumekaa ukuta mmoja. Mwanangu wa mwisho alizaliwa mikononi mwake. Kama nilimkosea, si angeniambia tu?"

2

Bubu la mtaa ule limesimama palepale ukutani, kati ya nyumba hizo mbili. Ni nguzo nyembamba yenye urefu wa mlango, kichwani ina kofia ya matundu. Tuna mia mbili na sita za namna hiyo Lugunga nzima, zina miezi mitano tangu zisimamishwe. Kazi yake si ngumu kuieleza. Linasikiliza, linalinganisha na daftari lake la sauti, na likikuta sauti iliyomo daftarini linatoa sauti iliyo kinyume chake papo hapo. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili kwa nguvu sawa. Mlango hauendi popote, na wewe uliyekaa barazani husikii kitu.

Watu huniuliza kwa nini mabubu yasizime tu kile kinachotoka upande wa Msolwe. Ni kwa sababu ya mlima. Sauti ya kiwanda inapanda, inagonga mwamba wa Lugunga, inarudi kutoka kila upande, hata nyuma ya choo chako. Kwa hiyo mabubu hayakufundishwa sauti inatoka wapi. Yalifundishwa sauti ni ya nini. Na aliyeyafundisha ni mimi.

Nikafungua kifuniko, nikaunganisha kibao, nikatafuta Jumanne. Saa tisa na dakika nne: kundi la saba, imezimwa. Saa tisa na dakika tano: kundi la saba, imezimwa. Ikashuka hivyo ukurasa mzima, na wa pili, mara mia moja na kumi na mbili, hadi saa kumi na dakika hamsini. Nikabonyeza nione kundi la saba ni nini. Likaja neno moja na jina moja: "Kazi. Mwandikishaji: S. Mkude."

Nikakaa chini kwenye vumbi na sare yangu ya ofisi.

Nilikumbuka siku yenyewe. Nilikuwa kiwandani mwezi mzima nikirekodi, kwa sababu mabubu yanataka mifano. Kiwanda kile kinayeyusha fremu za sola zilizochakaa na vyuma vingine vya zamani, na kikosi cha wanawake ndicho kinachomimina. Chungu kikubwa kinaning'inia juu, kinainama, chuma kinatoka chekundu, halafu kikiisha wanawake wanapiga vigelegele vya kupasua paa. Mkuu wa kikosi ni dada yangu Havijawa. Fomu yangu ilikuwa na sehemu mbili tu za kuchagua, "watu" na "kazi". Sauti za watu mabubu hayagusi, ndiyo maana Lugunga unaweza kucheka na kuitana na kulia upendavyo. Sauti za kazi yanazimeza. Nikamfuata dada, nikampigia kelele sikioni: "Na hii niandike ni ya nini?"

Akainua kinyago chake, jasho linamtiririka, anacheka. "Hii? Mdogo wangu, hii ndiyo kazi yenyewe!"

Nikaandika kazi. Na mimi nilikuwa nacheka, jamani. Nakumbuka kabisa kwamba nilikuwa nacheka.

Kigelegele hukatwakatwa na ulimi, yowe hukatwakatwa na kiganja. Wewe na mimi tunajua hii ni furaha na hii ni shida hata tukiwa usingizini. Bubu linajua sauti ya juu ya mwanamke iliyokatwakatwa, basi. Na kwa miezi mitano hakuna aliyegundua, kwa sababu sherehe zote za Lugunga zimehamia kumbi za Msolwe tangu sheria ya muziki, na huko mabubu hayapo. Bi. Tausi mwenyewe alijisikia, maana sauti yako hupita kwenye mifupa ya kichwa chako, na humo bubu halifiki. Alijisikia peke yake.

Sikutaka kuamini maandishi tu. Nikasimama mbele ya ile nguzo, nikavuta pumzi, nikapiga kigelegele kirefu. Masikioni mwangu kilikuwepo, kizito kizito kama nimepiga nikiwa majini. Nikarudia, kwa nguvu zaidi.

"Unapiga miayo, mwanangu?"

Nikageuka. Mwanamke mdogo wa umbo, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, ungo mkononi, ananitazama kwa huruma kutoka kwenye geti lake. Alikuwa hatua nne kutoka nilipo.

"Hujasikia kitu, Bi. Mkubwa?"

"Kama nini?" Uso wake ukabadilika haraka, ukaingia woga. "Kulikuwa na kitu cha kusikia? Niambie kweli. Kuna mtu kaita?"

Huyo ndiye Bi. Sikudhani. Alinikaribisha kwa maji na kiti, akafurahi mno kwamba nimekaa, furaha ambayo ilinichoma. Nikamwuliza siku zinakwendaje. Akasema zinakwenda. Mwenye duka anampimia bila kumtazama. Aliyekuwa anakuja kusuka naye ukili ameacha kuja.

"Ninachoomba," alisema, akipepeta ungo usio na kitu, "ni mtu anipime masikio. Maana mchi wangu nausikia. Kuku nawasikia. Wewe nakusikia. Sasa huwa nakaa najiuliza, Sikudhani, labda ulisikia. Labda ulisikia ukasema moyoni ngoja nimalize kinu kwanza, halafu ukasahau. Inawezekana, mwanangu? Mtu kuwa mbaya bila mwenyewe kujua?"

Nilitakiwa kumwambia palepale. Mdomo ulifunguka kabisa. Nikamwambia ahsante kwa maji, nikaondoka.

3

Mkuu wangu, Bwana Banzi, ni mtu mwema, na ndilo tatizo lake. Angekuwa mbaya ningemtukana moyoni nikaenda zangu. Alinimiminia chai kwa mkono wake, akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kundi la saba linafutika?"

"Linafutika, kwa mabubu yote mara moja. Kanuni inataka kidole gumba cha aliyeandikisha, ambaye ni mimi. Dakika moja."

"Halafu vigelegele vya kiwanda navyo vinavuka kijito."

"Vinavuka. Nimepiga hesabu, pale kwa Bi. Tausi vitafika hamsini na nane."

"Na wanamimina mara sita kwa siku." Akainua vidole vyake. "Kipimo kikizidi arobaini na tano, wewe unaandika, mkazi mmoja wa Lugunga anathibitisha kwa kidole chake kwamba amesikia kelele. Hilo kosa la kwanza. Makosa matatu, lango la kiwanda linafungwa. Semeni, unawajua watu wa Lugunga. Watapanga foleni kuthibitisha. Kabla ya adhuhuri watu mia nne wako nyumbani, na dada yako akiwa wa kwanza."

"Najua."

"Usajili mpya wa sauti ni baada ya miezi saba. Tutatenganisha yowe na kigelegele taratibu, kitaalamu, bila mtu kuumia. Kwa sasa tugawe vitufe vya dharura kwa wazee. Mimi mwenyewe nitapita nyumba kwa nyumba."

"Na Bi. Sikudhani?"

"Nani?"

"Jirani. Anayetolewa Alhamisi."

Bwana Banzi akafikiri kwa dhati kabisa, ndiyo maana nasema ni mtu mwema. "Huyo," akasema, "si hajaumia?"

Nikaiacha chai. Nilikuwa na hasira mpaka ngazini, na nilipofika chini nikagundua kwamba hasira yote haikuwa ya Bwana Banzi. Yeye alikuwa ananipa kile nilichokuwa nakitafuta, miezi saba ya kutosema.

4

Havijawa alinilea. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la pili, yeye kumi na tisa, na tangu hapo sijawahi kuamua jambo zito bila kumtazama usoni kwanza. Jumatano nilimngoja langoni saa ya chakula. Tukakaa kwenye benchi la nje, akafungua bakuli la makande, akanisukumia kijiko kabla sijasema lolote.

Nilimweleza. Alikula mpaka nilipofika kwenye yowe, akaacha.

"Saa mbili?"

"Karibu saa mbili."

"Kwenye saruji." Akatema punje ya hindi pembeni. "Mungu wangu. Na huyo jirani wanamwambia kasikia."

"Dada, nyie mnaweza kuacha vigelegele? Miezi saba tu. Mkatumia taa."

Akanicheka, kicheko kifupi kisicho na utani. "Taa? Kwenye ule moshi, na vinyago usoni? Semeni, wewe uliingia mle mwezi mzima ukarekodi, hujaelewa? Tulikuwa na king'ora. Kikilia, wote mle ndani wanajua chungu kimeisha na kimefungwa, pita. Hao watu wako wa mlimani wakakikataza. Wiki ya pili tu Kondo akapita chini akidhani kimeisha. Unamjua Kondo. Mguu wake wa kushoto unaujua?"

"Naujua." Kondo hana mguu wa kushoto.

"Basi sisi wanawake tukasema sawa, king'ora mmechukua, koo zetu hamjachukua. Mashine zote zile zikilia pamoja, kigelegele ndicho pekee kinachopenya. Hatushangilii pale, mdogo wangu. Tunawaambia wanaume wa chini wako hai, wapite. Nilikwambia ni kazi yenyewe, ukadhani nakutania."

Kwa hiyo nilikuwa nimeandika sawa. Neno lilikuwa la kweli, na bado limemlaza mtu kwenye saruji. Nilianza kulia pale kwenye benchi, na wafanyakazi wanapita wakijifanya hawanioni.

"Nifanye nini, dada?"

"Usiniulize."

"Nani mwingine nimwulize?"

"Ukifuta, kesho kutwa mimi sina kazi, na Kondo, ambaye sasa analinda lango hili, hana kazi. Usipofuta, kila nikipiga kigelegele nitakuwa najua huko juu kuna mtu anazibwa mdomo kwa ajili yangu. Unataka niseme nini? Niseme futa, halafu ukishafuta ujue dada aliruhusu?" Alifunga bakuli kwa nguvu. Mikono yake ina makovu madogo madogo ya cheche, mengi kuliko miaka yake. "Nilikulea, sikatai. Hili silibebi. Kidole ni chako."

Akaingia ndani. Alipofika kwa Kondo akageuka akaniita, "Na hakikisha unakula usiku, umekonda!" Halafu akaenda zake.

5

Alhamisi saa nne asubuhi walikuwepo akina mama kumi na wawili uani kwa Bi. Tausi, naye wamemtoa nje na kitanda chake. Bi. Sikudhani alikuwa ameambiwa akae kwake mpaka atakapoitwa kusomewa uamuzi. Kupitia ukutani nilisikia anakanda unga, bakuli likigonga saruji. Mtu aliyejua anachokwenda kusomewa, na anakanda unga. Labda alitaka mikono iwe na kazi.

"Bi. Desibeli," alisema Bi. Tausi. "Maandishi umeleta?"

"Nimeleta. Ulipiga yowe mara mia moja na kumi na mbili."

Wote wakaguna. Mmoja akashika kichwa. Bi. Tausi akafumba macho, na sikuona ushindi wowote usoni pale, niliona uchungu tu.

"Na hakuna hata moja lililovuka ukuta," nikasema. "Mimi ndiye niliyeyazima."

Niliwaeleza yote nikiwa nimesimama, mikono nyuma. Niliwaeleza kiwanda, vigelegele, chungu, mguu wa Kondo, neno moja nililoliandika huku nacheka. Nilipomaliza wakatazamana. Mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, akasema, "Mwanangu, tunajua Sikudhani anapendwa na watu wa ofisini, anawapa maji. Lakini usimtetee kwa hadithi."

Hasira ilinipanda, nayo ikanisaidia. "Bi. Tausi," nikasema, "naomba upige yowe. Hapahapa, sasa hivi."

Akajiinua kwa kiwiko, akaweka kiganja mdomoni, akapiga. Tuliiona shingo yake ikikaza mishipa. Tuliona kiganja kinagonga midomo. Tuliona kifua kinapanda na kushuka. Ua zima lilikuwa kimya, na ng'ambo ya ukuta bakuli la Bi. Sikudhani liliendelea kugonga saruji bila kukatika, ko, ko, ko.

Mwenyekiti alishika mkono wa aliyekaa jirani. Mwingine akaanza kusema "Laa ilaaha" akaishia katikati. Kuna mama mmoja alikuja akainama karibu kabisa na uso wa Bi. Tausi, sikio mbele ya mdomo wake, akarudi nyuma amejifunika macho na kanga.

"Nyie mmesikia?" Bi. Tausi aliuliza. "Mbona mnaniangalia hivyo? Hamkusikia?"

Mwenyekiti akamtikisia kichwa kwamba hapana.

Nikafungua kibao. Kundi la saba. Futa. Likaja swali kama nina uhakika, nikamwona dada anafunga bakuli, nikamwona Kondo getini. Nilikuwa na uhakika na sikuwa nao, yote mawili pamoja. Nikaweka kidole gumba. Ile nguzo ukutani ikawaka taa ya njano, ikazima.

"Piga tena, Bi. Mkubwa."

Lakini Bi. Tausi alikuwa amekishusha kiganja. Anatazama ukuta.

"Naogopa," akasema polepole.

"Sasa litasikika. Nakuapia."

"Ndiyo hilo naogopa. Wiki nzima nimemtangaza mtaa mzima. Nimemkatia salamu. Akilisikia sasa, asije?" Machozi yalimshuka mpaka masikioni, kwa sababu alikuwa amelala. "Akikaa kule akaendelea na unga wake, nitamlaumu nini?"

Mwenyekiti akampangusa uso. Bi. Tausi akavuta pumzi, akarudisha kiganja mdomoni, akapiga yowe moja.

Lilipasua ua zima. Ndege waliruka juu ya bati. Wote tulishtuka, waliokaa wakasimama, ingawa tulikuwa tunalingoja, maana mwili hauulizi. Ng'ambo ya ukuta bakuli lilianguka, likabiringika. Geti likabamizwa. Miguu mitupu ikasikika barabarani inakimbia.

Bi. Sikudhani aliingia bila hodi. Kichwa wazi, kanga imebaki njiani, mikono yote imejaa unga mpaka viwikoni. Hakutuona hata mmoja. "Tausi! Tausi, nimesikia! Umeumia wapi? Nimesikia, nimekuja!"

Akafika kitandani akapiga magoti, akaanza kumpapasa mguu, bega, uso, akimpaka unga kila mahali. Bi. Tausi alimkamata mkono. "Sijaumia, shoga yangu. Nilikuwa nakuita tu."

Wengi tulikuwa tunalia, tena kwa sauti. Mwenyekiti alikuwa amekaa chini kabisa.

Na ndipo kikaja. Kilipanda kutoka bondeni, kikagonga mwamba, kikarudi kutoka kila upande. Vigelegele, sauti thelathini za wanawake kwa pamoja, na ya dada yangu naijua ikiwa katikati. Kipimo kiunoni mwangu kikawaka chekundu: hamsini na nane, kama nilivyopiga hesabu. Simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Bwana Banzi, bila shaka. Nikaiacha itetemeke.

Kazi ni kazi. Kama ningeficha kosa lile ningekuwa nimeandika uongo wa pili. Nikafungua fomu, nikaandika saa na kipimo. Fomu ikaniomba mkazi wa kuthibitisha, na mkazi aliyekuwa karibu zaidi ni mwandishi wa malalamiko kumi na manne. Nikamshikia kibao mbele yake.

"Bi. Tausi Kunambi," nikasoma kama kanuni inavyotaka. "Je, umesikia kelele itokayo Msolwe?"

Alisikiliza. Kule bondeni walikuwa wanamalizia, kigelegele kimoja kimoja.

"Hao ndio wanaosema chungu kimeisha?"

"Ndio."

"Watu wapite?"

"Ndiyo, Bi. Mkubwa. Wapite salama."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari ya mguu wa Kondo kwa mara ya kwanza, ingawa nilishawaambia.

"Mimi nimesikia watu wanaitana," akasema. "Kelele sijasikia."

"Fomu inataka ndiyo au hapana."

"Basi andika hapana. Na waulize na hawa kumi na wawili, uandike majina yao yote." Akina mama wakaguna kukubali, mmoja baada ya mwingine. Siku ile kumimina kulikuwa kumebaki mara tano, na kulikuwa na nyumba nyingine zote za Lugunga ambazo sikuwa nimezifikia, na sikujua zitasema nini. Bi. Tausi akasogea kitandani kwa maumivu, akaacha nafasi pembeni yake.

"Ukishaandika," akaniambia, "nisogezee huyu kiti. Amepiga magoti na unga mikononi tangu aje."